Jinsi Hukaa Wapi katika Lugha? Viwakilishi vya Nafsi kutoka Basotu hadi Uingereza

Utangulizi

Basotu ni tarafa ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, katika uwanda wenye ziwa la jina hilohilo, kuelekea Mbulu. Watanzania wengi walilisikia jina hilo kwa sababu ya ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980, Serikali ya Tanzania kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa saba katika eneo hilo, yakiwemo Basotu, Setchet, Mulbadaw na Murjanda. Kwa jumla yalichukua ekari zipatazo 100,000 za ardhi ambayo Wabarabaig, tawi la Wadatooga, walikuwa wakichungia ng'ombe wao. Migogoro ya ardhi iliyofuata ilifika Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Hayo ni mashuhuri. Jambo lisilo mashuhuri ni kwamba uwanda huohuo ni miongoni mwa mahali pazuri zaidi barani Afrika pa kujifunzia swali ambalo siku hizi linaleta mabishano makali huko Ulaya na Marekani: je, lugha inapomtaja mtu, inalazimika kusema kama mtu huyo ni mwanamume au ni mwanamke?

Mabishano hayo yanahusu viwakilishi vya nafsi ya tatu vya Kiingereza, yaani *he* kwa mwanamume, *she* kwa mwanamke na *they* kwa wengi. Wapo watu wanaosema kwamba hakuna kati ya viwili vya kwanza kinachowafaa, na kwamba waitwe kwa cha tatu japokuwa kila mmoja wao ni mtu mmoja. Wapo wanaopinga kwa hoja ya sarufi, wapo wanaopinga kwa hoja ya maumbile, na wapo wanaoona kuwa adabu inatangulia yote mawili. Mswahili anayesikiliza huweza kutabasamu na kusema, "Kwetu jambo hili halipo, sisi tuna *yeye*." Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo ni sahihi nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo yenye uzito.

Kuung na kiing

Katika minada ya Hanang husikika Kiiraqw, Kidatooga na Kiswahili. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti, jamaa wa Kikalenjin. Upande wa magharibi na kusini wapo Wanyiramba, Waihanzu na Wanyaturu, ambao lugha zao ni za Kibantu kama Kiswahili. Kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe, na kusini zaidi Wasandawe, ambao lugha zao zina sauti za vidoko. Kwa hiyo makundi yote manne ambayo Joseph Greenberg aliyagawanya katika uainishaji wake wa lugha za Afrika wa mwaka 1963 yanakutana katika eneo hili moja. Roland Kiessling, Maarten Mous na Derek Nurse, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, walionyesha jinsi lugha hizi zilivyoazimana sifa nyingi kwa karne kadhaa za ujirani.

Kila moja kati ya lugha hizi imeiweka jinsi mahali pake. Kwa mujibu wa sarufi ya Kiiraqw iliyoandikwa na Mous mwaka 1993, kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja ni *inos*, nacho hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke bila tofauti. Lakini katika nafsi ya pili mambo ni mengine. Mwanamume huambiwa *kuung*, na mwanamke huambiwa *kiing*. Msemaji wa Kiiraqw, basi, anaweza kutamka kiwakilishi cha mtu asiyekuwepo pasipo kutaja jinsi yake, ila hawezi kutamka "wewe" mbele ya mtu bila kuamua aliye mbele yake ni nani. Kiingereza kimekwenda kinyume kabisa: neno lake la "wewe" ni moja kwa watu wote, na uamuzi unamsubiri msemaji pale anapomtaja mtu aliye mbali. Kiarabu, ambacho wasomi wengi wa Kiswahili wanakifahamu, kinatofautisha katika nafsi zote mbili. Kisandawe hutofautisha katika nafsi ya tatu, kwa *hewe* na *hesu*.

Isidhaniwe kwamba Kiiraqw kimeiacha kabisa jinsi katika nafsi ya tatu. Kiwakilishi *inos* hakiitaji, lakini kitenzi huitaja, kwa kuwa umbo la kitenzi cha mwanamume hutofautiana na la mwanamke. Aidha, nomino zote za Kiiraqw zimegawanyika katika jinsi tatu: ya kiume, ya kike, na ya tatu ambayo kitenzi chake huchukua umbo la wingi hata pale nomino inapotaja kitu kimoja. Nomino moja huweza kuwa ya jinsi moja katika umoja na ya jinsi nyingine katika wingi. Ni dhahiri kwamba mgawanyo wa namna hii hauwezi kuelezwa kwa maumbile ya viumbe. Jiwe au kibuyu hakibadili maumbile yake kwa sababu kimeongezeka idadi.

Kidatooga nacho kimechagua njia ya tatu. Viwakilishi vyake havitofautishi mwanamume na mwanamke. Jinsi imewekwa kwenye jina la mtu mwenyewe: majina mengi ya wanaume huanza na *Gida-* au *Gi-*, na majina mengi ya wanawake huanza na *Uda-* au *U-*. Anayesikia jina la Kibarabaig amekwisha kujua, hata kama hajamwona mwenye jina. Tena liko jambo kubwa zaidi ya hilo. Mwanamke wa Kidatooga aliyeolewa hupaswa kuepuka kutamka majina ya baba mkwe na wakubwa wengine wa upande wa mumewe, pamoja na maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na majina hayo. Mahali pake huweka maneno mengine, na msamiati huo wa heshima umechunguzwa kwa kina na Alice Mitchell katika tasnifu yake ya mwaka 2015. Hapa jinsi haimo katika kinachosemwa juu ya mtu. Imo katika kinywa cha anayesema.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kuwa mila kama hiyo ni dalili ya unyonge wa wanawake tu. Lakini George Klima, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, alieleza katika makala yake ya mwaka 1964 juu ya baraza la wanawake lenye mamlaka ya kumhukumu mwanamume aliyevunja haki zao na kumtoza faini ya ng'ombe. Wanawake walewale waliofungwa ulimi mbele ya jina la mkwe walikuwa na mahakama yao. Mtu aliyejaribu kuipima hali yao kwa kutazama viwakilishi peke yake asingeliona lolote kati ya hayo mawili.

Safari ya kiwakilishi cha Kiingereza

Wanaojadili Kiingereza leo huzungumza kana kwamba viwakilishi vyake vya "jadi" vilishuka pamoja na lugha yenyewe. Historia haisemi hivyo. Katika Kiingereza cha Kale mwanamume alikuwa *hē*, mwanamke *hēo*, na wengi *hīe*. Matamshi yalipobadilika, maumbo hayo yalikaribiana mno katika lahaja kadhaa, hata ikawa vigumu kuyatenganisha kwa sikio. Ndipo katika karne ya 12 umbo jipya la kike likaanza kuonekana katika maandishi, nalo ndilo lililozaa *she* ya leo. Kiwakilishi cha wengi, *they*, hakikuwa cha Kiingereza hata kidogo; kilitoka katika lugha ya Waskandinavia waliohamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo viwili kati ya vitatu vinavyobishaniwa leo ni vigeni au vipya, na vilipokewa kwa sababu wasemaji walivihitaji.

Matumizi ya *they* kwa mtu mmoja asiyejulikana nayo si ya jana. Yameonekana katika maandishi tangu karne ya 14, na waandishi wakubwa kama Shakespeare na Jane Austen waliyatumia. Kilichokuja baadaye ni katazo. Katika karne ya 18 wanasarufi, akiwemo Lindley Murray ambaye kitabu chake cha mwaka 1795 kilisomwa shuleni kwa vizazi vingi, waliyahesabu matumizi hayo kuwa kosa la hesabu, na fundisho lililoshinda mashuleni lilikuwa kwamba *he* ya kiume iwawakilishe watu wote.

Mwaka 1850 kanuni hiyo ikaingia katika sheria. Bunge la Uingereza lilitamka kwamba katika sheria zote maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawajumuisha wanawake, isipokuwa pale ilipoelezwa vinginevyo. Kwa maandishi, jambo hilo lilionekana kuwa haki. Jaribio lake lilikuja upesi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1867 ilitoa haki ya kupiga kura kwa kutumia neno la Kiingereza lenye maana ya "mwanamume". Maelfu ya wanawake wa Manchester waliomba kuandikishwa, wakitegemea tafsiri ya mwaka 1850. Katika kesi ya Chorlton na Lings ya mwaka 1868, majaji waliwakatalia. Neno la kiume lililomjumuisha mwanamke lilipokuja suala la kodi na adhabu halikumjumuisha lilipokuja suala la kura. Wanawake wa Uingereza walisubiri hadi mwaka 1918 kuipata haki hiyo kwa sehemu, na hadi mwaka 1928 kuipata sawa na wanaume.

Kanada ilikuwa na kisa chake. Katiba yake ya mwaka 1867 ilisema kuwa watakaoteuliwa kuingia Seneti ni "watu" wenye sifa. Neno lenyewe halikuwa na jinsi. Hata hivyo, tarehe 24 Aprili 1928 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba wanawake hawakuwa miongoni mwa "watu" hao. Uamuzi huo ulitenguliwa London tarehe 18 Oktoba 1929. Kisa cha Uingereza kinafundisha kwamba kiwakilishi cha upande mmoja kinaweza kumfungia mtu mlango. Kisa cha Kanada kinafundisha kwamba hata neno lisilo na upande linaweza kufanya hivyo, ikiwa anayelisoma ameamua kufunga.

Ni katika historia hii ndefu ambamo mjadala wa leo umezaliwa. Katika karne ya 19 Mmarekani Charles Converse alibuni kiwakilishi *thon*, ambacho hakikuishi. Sweden ilipata bahati zaidi: kiwakilishi *hen*, kisicho cha kiume wala cha kike, kilizua mabishano makubwa mwaka 2012 na kikaingizwa katika orodha ya maneno ya Akademia ya nchi hiyo mwaka 2015. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ilitangaza *they* kuwa neno lake la mwaka, kwa kuwa watu wengi walilitafuta wapate kujua kama linaweza kumtaja mtu mmoja anayejitambulisha kuwa si mwanamume wala si mwanamke. Nako China njia ilikuwa ya kinyume. Kichina cha kusema kina neno moja, *tā*, kwa watu wote. Mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya athari ya tafsiri za vitabu vya Ulaya, waandishi waliingiza alama ya pekee ya kumwandika mwanamke. Lugha moja ilikuwa ikitafuta namna ya kuiweka jinsi wakati nyingine zikitafuta namna ya kuiondoa.

Kipimo kilichopotoka

Kwa wasomi wa Kiswahili, jambo hili lina upande mwingine ambao haupaswi kusahauliwa. Katika karne ya 19 jinsi ya kisarufi ilifanywa kipimo cha ubinadamu. Wilhelm Bleek, katika sarufi yake linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika iliyoanza kuchapishwa mwaka 1862, alizigawa lugha katika zile zinazotaja jinsi na zile zinazotumia viambishi awali, naye akaona katika mgawanyo huo tofauti za fikra. Mwaka 1880 Richard Lepsius alikwenda mbali zaidi, akidai kwamba mataifa yaliyoongoza historia ya dunia ndiyo yenye lugha za jinsi. Mwaka 1912 Carl Meinhof alichapisha kitabu chake juu ya lugha alizoziita za "Wahamiti", akakusanya humo lugha zisizo na udugu, Kimaasai kikiwa mojawapo, na kigezo kikubwa kimoja kilikuwa ni kuwepo kwa jinsi ya kisarufi.

Matokeo hayakubaki vitabuni. Nadharia ya Wahamiti iliwafanya watawala wa kikoloni waamini kuwa wafugaji warefu wa Afrika Mashariki walikuwa wageni bora waliowatawala wakulima wa Kibantu. Lugha yenye neno *yeye* kwa watu wote ilihesabiwa kuwa ya ngazi ya chini. Ni Greenberg aliyeivunja hoja hiyo kwa ushahidi wa lugha zenyewe, alipoonyesha kuwa Kimaasai ni cha Kiniloti, kwamba Kiiraqw ni cha Kikushi ndani ya familia ya Kiafrika-Kiasia, na kwamba "Wahamiti" kama kundi la lugha hawapo.

Uwanda wa Basotu ungetosha kuifuta nadharia hiyo kama wenye nayo wangetazama. Wairaqw, ambao lugha yao imejaa jinsi za kisarufi, ni wakulima mashuhuri. Wabarabaig, ambao kwa mtazamo wa Wazungu wale walikuwa ndio mfano wa mfugaji wa Kihamiti, wana lugha ambayo viwakilishi vyake havitaji jinsi. Wahadzabe, waliodharauliwa kuliko wote kwa kuwa hawalimi wala hawafugi, wana lugha inayotofautisha jinsi ya kiume na ya kike kwa utaratibu kamili. Kipimo hakikupima lolote.

Fundisho hilo lina makali pande zote mbili. Siku hizi husikika sifa zilizogeuzwa: kwamba lugha za Kibantu, kwa kukosa *he* na *she*, ni ushahidi wa usawa wa Waafrika wa kale. Sifa hiyo inapendeza, lakini imejengwa juu ya msingi uleule wa Lepsius, yaani kuruka kutoka kwenye sarufi hadi kwenye thamani ya watu. Kiajemi na Kituruki navyo havina jinsi katika viwakilishi, na hakuna mwanahistoria anayesema kwamba jamii hizo zilikuwa za usawa kwa sababu hiyo.

Kiswahili na mahali pake pa kuficha

Je, ni kweli kwamba Kiswahili hakina jinsi? Greville Corbett, katika kitabu chake cha mwaka 1991, anazihesabu ngeli za Kibantu kuwa ni aina ya jinsi za kisarufi, kwa sababu nazo huyagawa majina na kuyalazimisha maneno mengine kupatana nayo. Tofauti ni kwamba Kiswahili hakiulizi kama anayetajwa ni wa kiume au wa kike. Huuliza kwanza kama ana uhai. Mtu, simba na mbu wote huingia katika upatanisho wa A-WA.

Uume na uke haukutoweka, umehamia kwingine. Umo katika majina ya ukoo, ambamo mtoto hawezi kumtaja dada wa baba bila neno *shangazi* wala kaka wa mama bila neno *mjomba*. Umo katika kauli za kitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Anayesoma sentensi "ameolewa na ana watoto wawili" hahitaji kiwakilishi cha Kiingereza kumwambia kwamba habari ni ya mwanamke. Hapa jinsi imewekwa waziwazi ndani ya mnyambuliko wa tendo lenyewe, mmoja akiwa mtenda na mwingine mtendwa. Anayedai kwamba Kiswahili hakina upendeleo wa kijinsia kwa sababu kina *yeye* hajalitazama neno *kuolewa*.

Hata hivyo, *yeye* ina faida yake, na faida hiyo huonekana zaidi katika tafsiri. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita *Mapebari wa Venisi*, iliyochapishwa mwaka 1969, alikabiliana na Portia, mwanamke anayeingia mahakamani amevaa kama mwanasheria wa kiume. Katika Kiingereza, kila anayemtaja mwanasheria yule kwa nafsi ya tatu hana budi kumwita mwanamume, na hadhira inayojua siri hucheka. Katika Kiswahili kiwakilishi hakidanganyi wala hakifichui. Mfasiri hupoteza kichekesho kidogo, lakini hupata jambo lisilowezekana katika lugha ya asili: wahusika wote wanamtaja Portia kwa neno ambalo ni la kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Tafsiri ya kinyume ndiyo yenye hatari. Chukuliwe mfano wa ushahidi uliotolewa kwa Kiiraqw, ukafasiriwa kwa Kiswahili, kisha ukaandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa njia ya kawaida ya mambo ya kiserikali wakati wa ukoloni. Kitenzi cha Kiiraqw kilibeba jinsi ya mtu aliyetajwa. Mkalimani alipoweka *a-* ya Kiswahili, jinsi ilianguka njiani. Karani wa Kiingereza, asiyeweza kuandika sentensi bila kuchagua, aliirudisha kwa kubahatisha. Mwenye ng'ombe katika jalada aliweza kuwa mwanamume kwa sababu tu karani alidhani kwamba wenye ng'ombe ni wanaume. Mwanahistoria anayesoma nyaraka za namna hiyo leo anapaswa kukumbuka kuwa kiwakilishi alichonacho mbele yake huenda si ushahidi wa shahidi.

Katika sheria za Tanzania upo mfano wa karibu zaidi. Toleo la Kiingereza la Katiba ya mwaka 1977 humtaja Rais kwa kiwakilishi cha kiume. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, toleo hilo lilihitaji kusomwa kwa msaada wa kanuni ya tafsiri iliyorithiwa kutoka Uingereza. Toleo la Kiswahili halikuhitaji msaada wowote. Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo yalihusu haki ya mwananchi kuielewa kesi yake, lakini yalileta faida hii nyingine kimyakimya.

Lakini somo la Kanada nalo lisisahauliwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo ni muhimu sana kwa watu wa Basotu na Hanang kwa jumla, haikuridhika na neno *mtu*. Ilitamka waziwazi kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Watunga sheria walijua kwamba katika mabaraza mengi ya vijiji neno *mtu*, likisomwa mbele ya wazee, limezoea kuwa na maana ya mwanamume.

Mjadala wa viwakilishi uliokwisha kufanyika

Husemwa kwamba ni ajabu kwa watu kudai lugha ibadilishwe ili kuwastahi. Kiswahili kimekwisha kufanya hivyo, tena zaidi ya mara moja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno *Ndugu* lilitumika rasmi mbele ya majina ya watu wote nchini Tanzania, wa kike na wa kiume, mkubwa na mdogo, mahali pa *Bwana* na *Bibi*. Mfumo wa vyama vingi ulipoanza katika miaka ya 1990, *Mheshimiwa* lilishika nafasi kubwa, lakini *Ndugu* halijafa.

Mfano wenye uzito zaidi umo katika ngeli. Kwa muda mrefu Kiswahili kiliwaweka watu wenye ulemavu katika umbo la KI-VI: *kipofu*, *kiziwi*, *kiwete*, *kilema*. Upatanisho uliwarudisha katika A-WA, kwa maana ilisemwa "kipofu amefika", lakini kiambishi cha vitu na cha udogo kilibaki kichwani mwa neno. Wenyewe walilalamika, na lugha ikasikia. *Kilema* akawa *mlemavu*, kisha *mtu mwenye ulemavu*. Vivyo hivyo *zeruzeru* akawa *mtu mwenye ualbino*, mabadiliko yaliyosukumwa na mauaji ya kutisha yaliyotokea Tanzania kuanzia miaka ya 2000, pale watu walipotambua kuwa jina linalomwondoa mtu katika utu humrahisishia muuaji kazi. Hakuna sarufi iliyovunjika kwa sababu hiyo. Kiambishi *m-* kilikuwepo siku zote. Kilichotakiwa ni wasemaji kukubali kukitumia kwa watu wote.

Upo pia mtu ambaye Kiswahili kina jina lake la kale, *huntha*, lililotoka Kiarabu, nalo humtaja mtu ambaye maumbile yake hayako wazi upande mmoja. Wanazuoni wa sheria za Kiislamu walimwekea kanuni za mirathi karne nyingi zilizopita, maana walijua yupo. Dola za kisasa zilichelewa. Nchini Kenya, mtoto mmoja alizaliwa na hospitali ikaweka alama ya kuuliza mahali pa jinsi yake katika fomu. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwezi Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliitaka Serikali ishughulikie cheti chake cha kuzaliwa. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu watu wa hali hiyo kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawatambua watoto wa namna hiyo.

Mama wa mtoto yule, kama alimzungumzia mwanawe kwa Kiswahili, aliweza kusema amelala, ameamka, anacheka, bila kiwakilishi kumtaka jibu. Karani mwenye fomu ya Kiingereza hakuweza. Hata hivyo, *yeye* haikumpatia mtoto cheti. Kilichompatia njia ni mama aliyedai na hakimu aliyesikiliza.

Hitimisho

Kiiraqw huiweka jinsi usoni pa anayeambiwa, Kidatooga katika jina na katika mipaka ya ulimi, Kiingereza katika kiwakilishi cha asiyekuwepo, Kiswahili katika undugu na ndoa. Hakuna hata moja iliyoiacha kabisa, na hakuna hata moja ambayo wasemaji wake wanaweza kuhukumiwa kwa mahali walipoiweka. Wilfred Whiteley, aliyeandika juu ya Kiiraqw mwaka 1958 na juu ya kukua kwa Kiswahili mwaka 1969, alizishika lugha hizi mbili mkononi mmoja, na Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishiriki kuiandika kamusi ya Kiiraqw iliyotoka mwaka 2002. Kazi ya namna hiyo inahitaji kuendelezwa na wanafunzi wa leo, hasa wale waliozaliwa Mbulu, Hanang na Basotu kwenyewe, ambao wamelelewa na *kuung* na *kiing* nyumbani na *yeye* shuleni.

Mwanafunzi wa namna hiyo akiulizwa juu ya viwakilishi vya Kiingereza hana haja ya kutabasamu wala kukasirika. Anajua tayari, kwa kuishi ndani yake, kwamba lugha hulazimisha maswali fulani na kuyaacha mengine. Anajua pia kwamba swali ambalo lugha haikuliuliza bado linaweza kuulizwa na mzee wa baraza, na karani, na jirani. Na kwamba mbele yao kiwakilishi hakimtetei mtu. Anayemtetea ni mtu mwingine.